Eugene Esmonde: Aliyeacha Safari ya Upadre, Akatoa Uhai Wake Baharini

Katika parokia zetu nyingi wapo wanaume ambao watu huwatambulisha kwa neno moja tu: huyu alitoka seminari. Neno hilo husemwa kwa sauti ya chini, kana kwamba linaeleza aibu. Mama wa kijana huyo huulizwa na wenzake wa jumuiya ndogo ndogo kama mwanawe alifukuzwa au alishindwa masomo, na kijana mwenyewe huanza kuchagua Misa ambayo hatakutana na wengi wanaomfahamu. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sisi tunaowatazama, inafaa kusimulia maisha ya Mkatoliki mmoja aliyeanza safari ya kuwa padre mmisionari, akaiacha, akawa rubani wa jeshi la majini, na hatimaye akapewa nishani mbili kubwa za ushujaa. Jina lake ni Eugene Esmonde.

Niseme mapema kwamba Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu wala mwenye heri, nami simweki mbele yenu kwa namna hiyo. Alikuwa mwanajeshi katika vita vikali, na vita daima ni jeraha katika mwili wa familia ya wanadamu. Lakini maisha yake yanatufundisha jambo kuhusu wito na kuhusu ile fadhila ambayo Katekisimu yetu inaiita nguvu.

Nyumba ya imani

Eugene Esmonde alizaliwa tarehe 1 Machi 1909 huko Thurgoland, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi ya udaktari kwa muda. Ukoo wenyewe ulikuwa wa Ireland, wa Kikatoliki tangu vizazi vingi, na makao yake yalikuwa Drominagh katika wilaya ya Tipperary. Baba yake, Dokta John Joseph Esmonde, alikuwa pia mbunge wa eneo la Tipperary Kaskazini. Alifariki dunia mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa amejiunga na idara ya tiba ya jeshi. Eugene alikuwa na umri wa miaka sita tu. Mama yake, Eily, alibaki na watoto wengi wa kulea.

Katika ukoo huo ushujaa wa kijeshi haukuwa jambo geni. Ndugu wa babu yake, Thomas Esmonde, alipigana katika vita vya Crimea na kwa matendo yake ya mwaka 1855 akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kuliko zote za ushujaa wa vitani katika utaratibu wa Uingereza. Malkia Victoria aliianzisha nishani hiyo mwaka 1856. Haikutengenezwa kwa dhahabu wala fedha, bali ni msalaba mdogo wa shaba, na inaweza kupewa mwanajeshi wa cheo chochote, mkubwa au mdogo.

Eugene alisomeshwa na Mapadre Wayesuiti, kwanza katika chuo cha Wimbledon jijini London, kisha katika chuo cha Clongowes Wood nchini Ireland. Alipokua, alivutwa na wazo la kuwa padre mmisionari, akaanza malezi kwa Wamisionari wa Mill Hill. Jina hilo si geni masikioni mwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Shirika hilo, lililoanzishwa na Herbert Vaughan mwaka 1866, lilifika Kampala mwaka 1895 chini ya Askofu Henry Hanlon, na baadaye wamisionari wake walieneza Injili mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya. Wengi wa babu na bibi zetu walibatizwa kwa mikono yao. Kama Eugene angeendelea na safari ile, huenda na yeye angekuwa mmoja wa wale mapadre waliosafiri kwa baiskeli kutoka kigango hadi kigango, wakijifunza lugha zetu.

Hakuendelea. Baada ya muda wa kujitafakari alitambua kwamba upadre haukuwa wito wake, akaondoka.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Seminari ni mahali pa kupambanua, na neno kupambanua lina maana tu iwapo majibu mawili yanawezekana. Anayeingia na kuambiwa na dhamiri yake, pamoja na walezi wake, kwamba Bwana anamwita kwingine, huyo hakushindwa. Alikwenda kumwuliza Mungu swali, akapata jibu. Tatizo ni kwamba sisi jamaa zake tulikuwa tumekwisha kuandaa jibu letu, na huenda tulikwisha kununua mbuzi wa sherehe.

Rubani

Mwishoni mwa mwaka 1928, akiwa na miaka kumi na tisa, Eugene alipewa cheo cha ofisa katika Jeshi la Anga la Uingereza. Alijifunza urubani na baadaye akahudumu katika tawi lililorusha ndege kutoka kwenye manowari. Mwaka 1934 aliacha jeshi, akaajiriwa na shirika la usafiri wa ndege la Imperial Airways, kazi yake ikiwa kubeba barua na abiria katika safari ndefu za kwenda mashariki. Mwaka 1935 ndege yake ilianguka katika mto Irrawaddy nchini Burma, naye akanusurika. Baadaye aliendesha zile ndege kubwa zinazotua majini. Wazee wa Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam waliziona ndege za namna hiyo za shirika lile zikitua katika maji yetu kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1939, vita vilipokaribia, aliacha ajira hiyo nzuri akarudi kwenye utumishi wa jeshi la majini, akiwa na cheo cha Luteni Kamanda. Mwaka 1940 alikabidhiwa uongozi wa Kikosi namba 825.

Ndege walizorusha ziliitwa Swordfish. Zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, zikafunikwa kwa kitambaa, na marubani wake walikaa bila paa, wakipigwa na upepo na mvua. Kila ndege ilibeba watu watatu: rubani, mwelekezi wa safari na mpiga bunduki. Chini ya tumbo lake ilifungwa torpido moja, yaani kombora linalokwenda ndani ya maji. Ili kuirusha torpido hiyo ipasavyo, rubani alipaswa kushuka karibu kabisa na mawimbi na kwenda moja kwa moja kuielekea manowari ya adui, polepole, bila kuyumba, huku mizinga yote ikimlenga yeye. Kazi hiyo ilihitaji ndege mwepesi, nao walipewa ndege iliyokwisha kupitwa na wakati.

Nishani ya kwanza

Mwezi Mei 1941 manowari mpya ya Ujerumani, Bismarck, ilitoka kwenda bahari ya Atlantiki. Tarehe 24 ilizamisha manowari ya Kiingereza iitwayo Hood, ambayo ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,400. Walionusurika ni watatu tu. Usiku wa siku hiyo hiyo Esmonde aliongoza ndege tisa kutoka kwenye manowari ya kubebea ndege iitwayo Victorious. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na upepo mkali, na baadhi ya marubani wake walikuwa na uzoefu mdogo sana. Waliipata Bismarck, wakaishambulia, torpido moja ikaipiga. Kisha wakageuka katika giza kuitafuta manowari yao juu ya bahari isiyo na alama yoyote, na ndege zote tisa zikarudi.

Siku tatu baadaye Bismarck ilizamishwa na wengine, na Wajerumani zaidi ya 2,000 wakafa. Nao walikuwa na mama zao. Mkristo hawezi kusimulia ushindi wa vita bila kuwaombea pia walioshindwa.

Kwa uongozi wake usiku ule, Esmonde alitunukiwa nishani ya utumishi uliotukuka, ijulikanayo kwa kifupi kama DSO, ambayo wakati ule ilipewa maofisa tu. Mwezi Novemba mwaka huo alikuwa na kikosi chake kwenye manowari Ark Royal ilipopigwa torpido karibu na Gibraltar na kuzama. Kikosi kilipoteza ndege nyingi, kikabidi kujengwa upya kwa vijana wapya nchini Uingereza.

Tarehe 11 Februari 1942 Esmonde alikwenda katika jumba la kifalme la Buckingham, akapokea nishani yake ya DSO mkononi mwa Mfalme George wa Sita. Ilikuwa siku yake ya mwisho kabla ya siku ya kufa kwake.

Mchana wa tarehe 12 Februari

Usiku ule ule wa tarehe 11, manowari tatu kubwa za Ujerumani, yaani Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen, zilitoka katika bandari ya Brest nchini Ufaransa. Zilikusudia kurudi nyumbani kwa kupita katika mlango mwembamba wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Waingereza walikuwa wametazamia kwamba zingejaribu kupita Dover usiku. Ndiyo maana ndege sita za Esmonde zilikuwa zimewekwa tayari katika kiwanja cha Manston, jimboni Kent: ndege zinazokwenda polepole zingesaidiwa na giza. Lakini manowari zile zilitoka Brest bila kuonekana, na zilipogunduliwa ilikuwa karibu adhuhuri, nazo zilikwisha kuukaribia mlango wa Dover, zimezungukwa na manowari nyingine ndogo na kulindwa juu na makumi ya ndege za kivita.

Mpango wa usiku sasa ulitakiwa kutekelezwa mchana kweupe. Admirali Bertram Ramsay, aliyekuwa mkuu huko Dover, alielewa maana ya jambo hilo, na Esmonde aliulizwa kama yuko tayari kwenda. Alikubali. Aliahidiwa vikosi vitano vya ndege za kumlinda, lakini saa ya kuondoka ilipofika ni kikosi kimoja tu kilichofika kwa wakati, chenye ndege kumi. Asingeweza kungoja zaidi, maana manowari zilikuwa zikienda mbali. Muda mfupi baada ya saa sita na nusu mchana ndege sita zilikuwa angani, watu kumi na wanane ndani yake.

Ndege za Ujerumani ziliwashukia mapema. Wale kumi waliokuja kuwalinda walipigana kwa uwezo wao wote, lakini walizidiwa. Mpiga bunduki wa Esmonde, Clinton, alionekana ametoka kwenye nafasi yake, amekaa juu ya mgongo wa ndege, akizima moto kwa mikono yake mitupu. Mizinga ya manowari ilipasua sehemu ya bawa la ndege ya Esmonde, naye akaendelea kushikilia mwelekeo ule ule kuiendea manowari, hadi ndege yake ilipopigwa tena na kuanguka baharini. Ndege mbili zilizomfuata zilifanikiwa kurusha torpido zao kabla ya kuanguka. Ndege tatu za nyuma zilionekana zikiendelea mbele kuelekea mizinga, na hakuna hata mmoja wa watu wake tisa aliyerudi.

Ndege zote sita zilipotea. Hakuna torpido iliyopiga shabaha. Kati ya watu kumi na wanane, kumi na watatu walikufa, na watano waliokotwa na boti ndogo katika maji ya baridi kali. Mbili kati ya manowari zile za Ujerumani ziliharibiwa baadaye na mabomu yaliyotegwa baharini, lakini zote zilifika kwao. Serikali ya Uingereza ililazimika kuunda tume ya uchunguzi chini ya jaji kueleza jinsi adui alivyopita mbele ya mlango wake mchana.

Nishani na yale isiyoweza kuyasema

Tarehe 3 Machi 1942, siku mbili baada ya ile ambayo angetimiza miaka thelathini na mitatu, ilitangazwa rasmi kwamba Eugene Esmonde amepewa Msalaba wa Victoria. Mama yake alikwenda kuipokea nishani hiyo mahali pale pale ambapo mwanawe alikuwa amesimama majuma machache kabla.

Tuangalie sasa jinsi nishani zilivyogawanywa, kwa maana ndani yake kuna funzo. Maofisa wanne walionusurika, Rose, Lee, Kingsmill na Samples, walipewa DSO. Wa tano, Bunce, hakuwa ofisa. Kwa hiyo alipewa nishani nyingine iliyotengwa kwa ajili ya watu wa vyeo vya chini. Na wale kumi na wawili waliokufa pamoja na Esmonde? Kwa taratibu za Uingereza za wakati ule, marehemu aliweza kupewa Msalaba wa Victoria, au la, kutajwa tu jina lake katika taarifa rasmi za vita. Nishani nyingi za katikati hazikutolewa kwa waliokufa. Basi wao walitajwa. Clinton aliyezima moto kwa mikono mitupu alitajwa.

Sisemi hayo ili kuwalaumu waliotunga taratibu. Kila jeshi lina mizani yake, na nishani ni shukrani halali ya taifa. Lakini mizani ya wanadamu hupima cheo, hupima matokeo, na hupima kile ambacho shahidi alibahatika kukiona. Ndege tatu za nyuma hazikuwa na shahidi aliyebaki wa kusimulia kilichotokea ndani yake. Tunakumbuka jinsi Bwana wetu alivyokaa karibu na sanduku la sadaka hekaluni: matajiri walitia vingi na watu wakaona, lakini yeye alimwona mjane. Kuna vitabu viwili vya kumbukumbu, na kile cha pili hakina sehemu ya maofisa na sehemu ya wadogo.

Je, ilikuwa ujasiri au upotevu?

Msomaji anaweza kuuliza kwa haki: je, si upotevu wa bure? Watu kumi na watatu walikufa na hakuna manowari iliyozama. Swali hilo lisizimwe haraka kwa maneno matamu. Wanaotuma wengine hatarini watatoa hesabu mbele za Mungu ya maandalizi waliyofanya na ahadi walizotoa, na ahadi ya vikosi vitano haikutimizwa. Fundisho la Kanisa ni kwamba hata vita vya kujilinda vina masharti mazito, na moja kati ya hayo ni kuwepo kwa tumaini la kweli la kufanikiwa. Ushujaa wa mtumishi haufuti uzembe wa mkubwa wake. Hili latuhusu sote tulio na mamlaka, iwe jeshini, ofisini, katika familia au katika parokia: tusijifiche nyuma ya sadaka za wale walio chini yetu.

Lakini kwa upande wa Esmonde mwenyewe, Mtakatifu Thoma wa Akwino anatupa mwanga. Anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili, kusimama imara katika jema wakati hofu inatuvuta nyuma, kuliko hata kushambulia. Anafundisha pia kwamba asiyejali uhai wake si jasiri. Jasiri ni yule anayeupenda uhai, anajua thamani yake, na bado hauweki juu ya wajibu. Esmonde hakuwa kijana wa kutafuta sifa. Nishani alikwisha kuipata, na alikuwa ameijua bahari na kifo kwa muda mrefu. Mbele yake kulikuwa na nchi iliyohatarishwa na utawala wa Hitler, na amri halali, na vijana ambao wangekwenda kwa sababu yeye anakwenda. Alikaa katika ndege ya mbele. Hakumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hakutangulia.

Uthabiti huo haukuzaliwa mchana ule. Mtu hawezi kushikilia mwelekeo ndege ikiwa imepasuka bawa kama hakuzoea kushikilia mwelekeo katika mambo madogo kwa miaka mingi. Hapo ndipo tunapoona kwamba malezi yake ya awali hayakupotea: nyumba ya mama mjane aliyesali na wanawe, shule ya Wayesuiti, na ile miaka ya kuulizia upadre. Mungu hatupi mbegu aliyoipanda. Aliyejifunza seminari kuamka kengele inapolia, kutii bila kunung'unika na kuwatanguliza wengine, atayahitaji hayo akiwa mwalimu, mkulima, daktari, baba wa familia au rubani.

Kaburi

Mwishoni mwa Aprili 1942, zaidi ya miezi miwili baada ya shambulio lile, mwili wa Esmonde uliokotwa karibu na mahali mto Medway unapoingia baharini, ukiwa bado umevaa koti la kuelea. Alizikwa katika makaburi ya Woodlands, mjini Gillingham, Kent. Tarehe 13 Mei 1945, vita vya Ulaya vilipokwisha, Waziri Mkuu Winston Churchill katika hotuba yake ya redio alilitaja jina lake miongoni mwa mashujaa wa asili ya Ireland.

Hatukuitwa sote kurusha ndege mbele ya mizinga, na tumwombe Mungu atuepushe na vita. Lakini kila mmoja wetu ana mchana wake ambapo msaada ulioahidiwa haufiki, na kazi iliyo mbele yake ni ya haki: mke anayemwuguza mumewe peke yake, karani anayekataa kutia sahihi hesabu ya uongo, kijana anayerudi nyumbani kutoka seminari na sanduku lake mkononi, akiwa na amani moyoni na macho ya kijiji kizima juu yake. Huyo wa mwisho tumpokee vizuri. Tumpe nafasi katika kwaya, katika ukatekista, katika halmashauri ya walei, naye aendelee kumtafuta Mungu pamoja nasi. Hatujui bado ni kwa ajili ya nani atakuja kuyatoa maisha yake.

Tuwaombee marehemu wote wa vita vile, wa pande zote mbili, wenye nishani na wasio nayo, wapumzike kwa amani. Amina.